Nani Anakula Prosesa? Intarapti na Vipimo Vinavyosingizia

Leo nataka tuingie ndani kabisa ya Linux, mahali ambapo wengi wetu tunaoandika programu hatupendi kuchungulia: jinsi kerneli inavyopima muda unaotumika kushughulikia intarapti. Najua kichwa kama hiki kinaweza kumfanya mtu afunge ukurasa aende kusoma habari za mpira. Tafadhali vumilia kidogo. Jambo hili nusura limpotezee mwenzangu kazi, na nusura liitie kampuni ndogo gharama ya kununua mitambo mipya, ilhali programu ya mwenzangu haikuwa na tatizo na mitambo ilikuwa mizima. Kilichokuwa kibovu ni kipimo.

Nitaeleza polepole, ili hata kama hujawahi kuandika mstari mmoja wa lugha ya C upate kufuata.

Intarapti ni nini?

Prosesa hufanya kazi moja baada ya nyingine. Lakini vifaa vilivyounganishwa nayo, kama kadi ya mtandao, diski au kibodi, haviwezi kungoja zamu kwa adabu. Kadi ya mtandao ikipokea ujumbe, humbishia prosesa hodi. Hodi hiyo ndiyo intarapti. Prosesa huacha ilichokuwa ikifanya, hukumbuka ilipofikia, huruka hadi kwenye sehemu ya kerneli inayohusika na kifaa hicho, humaliza shughuli, kisha hurudi pale pale ilipoachia. Programu iliyokatizwa haijui kwamba ilikatizwa. Ni kama mtu aliyesinzia kwenye matatu akaamka: anaona yuko safarini bado, hajui gari lilisimama wapi.

Sehemu hiyo ya kerneli inayoitikia hodi huitwa hendla. Katika Linux, tangu mwaka 2010, hendla zote huendeshwa huku intarapti nyingine zikiwa zimezuiwa kwenye kori hiyo. Yaani prosesa ikishafungua mlango kwa mgeni mmoja, inaufunga kwa wengine mpaka imalize naye. Wageni wengine wanasubiri nje. Shika jambo hili, maana ndilo kiini cha habari yote.

Profaila hupimaje?

Ukitaka kujua programu inatumia muda wake wapi, unatumia profaila. Kwenye Linux inayojulikana zaidi ni perf, iliyoingia ndani ya kerneli mwaka 2009 kwenye toleo la 2.6.31. Kabla yake tulikuwa na OProfile, iliyoingizwa mwaka 2002.

Namna yake ya kufanya kazi ni rahisi. Profaila haiandiki kila kinachotendeka, kwani ingekuwa mzigo mkubwa kuliko programu yenyewe. Badala yake huchukua sampuli. Mara kadhaa kwa sekunde inachungulia na kuuliza: sasa hivi uko kwenye agizo gani? Inaandika jibu, inaondoka. Ukiwa na sampuli elfu kumi na elfu tatu kati yake zimeangukia fankisheni moja, unasema fankisheni ile inakula asilimia 30 ya muda. Ni kama kura ya maoni.

Mara nyingi utaona watu wakichagua mara 99 kwa sekunde badala ya 100. Si mzaha. Kazi nyingi ndani ya kompyuta huamka kwa mwendo wa 100 au 1000 kwa sekunde, na profaila ikitembea kwa mwendo huo huo itakuwa inachungulia wakati ule ule wa kazi ile ile kila mara. Ukienda sokoni kila Jumanne tu, utadhani soko hufunguliwa Jumanne peke yake.

Sasa swali. Profaila inachunguliaje? Jibu: kwa intarapti. Taima au kihesabu kilicho ndani ya prosesa kikifika mwisho, kinabisha hodi, na hendla yake ndiyo inayoandika sampuli.

Umeona tatizo? Kama mlango umefungwa kwa sababu prosesa inamhudumia mgeni mwingine, profaila nayo inabaki nje. Haiwezi kuona kinachotendeka ndani. Inaingia mlango unapofunguliwa, na inaandika jina la yule inayemkuta hapo.

Wakazi wa Nairobi mtanielewa nikisema hivi: ni kama kanjo wakivamia barabara baada ya wachuuzi kupashana habari. Wanapofika, wachuuzi wametoweka, na anayekamatwa ni mpita njia aliyesimama kuangalia viatu.

Kisa chenyewe

Kampuni niliyoifanyia kazi mwaka jana hutengeneza visanduku vya kukusanya taarifa za mita za maji. Kisanduku kinawekwa juu ya jengo katika mtaa, kinapokea ujumbe wa mita kwa redio, kinaufumbua, kinaukagua, kisha kinautuma kwenye seva. Wakazi hulipa maji kabla ya kuyatumia. Kwa hiyo ujumbe ukipotea, salio la mtu linakuwa si lile. Mama analipa shilingi zake asubuhi, jioni bomba limekauka. Hizi ni pesa za watu.

Ndani ya kisanduku kuna ubao mdogo wenye prosesa ya ARM ya kori nne, na kadi ya redio iliyonunuliwa pamoja na kiendeshi chake kutoka nje. Programu ya kufumbua na kukagua ujumbe iliandikwa na mwenzangu, dada aliyekuwa ametoka chuo kikuu hivi karibuni na aliyeajiriwa kwa mkataba wa miezi sita. Kila dakika moja programu yake huchukua furushi la ujumbe uliofika na kulishughulikia. Ofisini, furushi la kawaida lilimchukua sekunde 41. Sekunde 19 zilibaki za kupumua.

Visanduku vilipowekwa mtaani, furushi lile lile, data ile ile, likaanza kuchukua sekunde 60. Sasa piga hesabu. Kazi ya dakika moja ikichukua dakika moja nzima, hakuna nafasi ya kupumua. Siku yenye ujumbe mwingi kidogo foleni inajaa, ikijaa ujumbe unatupwa. Simu za malalamiko zikaanza kuingia.

Mkurugenzi akaitisha mkutano. Mhandisi mmoja mkubwa alikuja na ushahidi. Alikuwa ameendesha amri ya `top`: programu ya dada yule imekaa juu kabisa, inakula karibu asilimia 100 ya kori. Alikuwa ameendesha `perf`: sampuli karibu zote ziko ndani ya programu hiyo. Na mstari wa juu wa `top`, pale kwenye herufi `hi` panapoonyesha muda wa hendla za intarapti, ulisoma 0.0. "Kerneli haina shida," akasema. "Programu ndiyo nzito. Tuna njia mbili: tumpe mtu mwingine aiandike upya, au tununue ubao wenye prosesa yenye kasi zaidi kwa visanduku vyote."

Dada alikuwa kimya. Angesema nini? Namba zote zilimtaja yeye. Mkataba wake ulikuwa umebaki wiki tatu.

Mkurugenzi akanigeukia. "Wewe ndiye uliyesomea haya mambo ya ndani ya kompyuta. Unasemaje?"

"Mzee, nipe siku mbili," nikamwambia. "Data ni ile ile na programu ni ile ile. Kitu kilichobadilika ni mahali. Programu haiwezi kuwa nzito kwa sababu imepanda juu ya paa."

Jaribio la kwanza: kuihamisha programu

Hati ya kuwashia mitambo iliyokuja na kadi ya redio ilikuwa inaifunga programu ya mteja kwenye kori ya 0. Nikatumia amri ya `taskset` kuihamishia kori ya 3, kwenye kisanduku kilichokuwa kazini mtaani, nikaipa furushi lile lile. Sekunde 41.

Kisha nikaandika programu ya mistari kumi inayotafuta namba tasa, isiyo na uhusiano wowote na mita wala maji, nikaiweka kwenye kori ya 0. Nayo ikachukua karibu mara moja na nusu ya muda iliochukua kwenye kori ya 3. Nikaendesha `perf`. Ikaniambia kwamba muda wote huo unaliwa na kutafuta namba tasa.

Hatia ilikuwa imehama. Yeyote aliyekaa kwenye kori ya 0 aliitwa mwizi. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini hapa mtu alibebeshwa mzigo wa mwenzake na akaandikiwa kwamba ni wake.

Kuna jambo hapa ambalo ni hatari zaidi kuliko linavyoonekana. Profaili ya programu ya dada haikuwa na dalili yoyote ya ugonjwa. Fankisheni iliyokuwa ya kwanza ofisini ilikuwa ya kwanza mtaani pia, na asilimia zake zilikuwa karibu zile zile. Kwa nini? Kwa sababu hodi za redio zilikuja wakati wowote, zikakatiza kila fankisheni kulingana na urefu wa muda wake. Kila fankisheni iliongezewa uzito kwa kipimo kimoja. Ukitazama asilimia pekee huwezi kugundua kitu, kama vile huwezi kugundua mizani iliyochezewa kwa kulinganisha viazi na viazi kwenye mizani hiyo hiyo. Ni lazima uende kwenye mizani nyingine.

Jaribio la pili: kuhesabu hodi

Linux ina faili iitwayo `/proc/interrupts`. Ukiifungua unaona kila intarapti, na kwa kila kori imebishwa mara ngapi tangu mashine iwashwe. Nikaisoma, nikangoja sekunde 10, nikaisoma tena. Mstari wa kadi ya redio ulikuwa umeongezeka kwa takriban 9,000, na zote zilikuwa kwenye safu ya kori ya 0. Yaani hodi 900 kwa sekunde. Kori nyingine tatu hazikuguswa. Ofisini hapakuwa na mita za kutuma ujumbe, kwa hiyo mstari huo ulikuwa umelala.

Hodi 900 kwa sekunde si nyingi. Kadi ya mtandao yenye shughuli hubisha zaidi ya hapo. Swali ni kila hodi inachukua muda gani.

Jaribio la tatu: kupima hendla kwa saa yake

Hapa ndipo tunapoacha sampuli na kutumia njia nyingine. Kerneli ina vituo maalumu vya kufuatilia. Viwili kati yake ni `irq:irq_handler_entry` na `irq:irq_handler_exit`: kimoja kinaandika saa hendla inapoanza, cha pili inapomaliza. Vituo hivi havihitaji kubisha hodi, kwa sababu viko ndani ya nyumba tayari. Ni mistari ya msimbo inayopitiwa na hendla yenyewe. Mlango ukiwa umefungwa, wao wako ndani wanaandika.

Amri ilikuwa hii:

`perf record -a -e irq:irq_handler_entry,irq:irq_handler_exit sleep 10`

Halafu `perf script`, na hati fupi ya kutoa saa ya kuingia kwenye saa ya kutoka. Wastani wa kila hodi ya redio: mikrosekunde 350.

Tufanye hesabu ya darasa la sita. Hodi 900 mara mikrosekunde 350 ni mikrosekunde 315,000. Sekunde moja ina mikrosekunde 1,000,000. Kwa hiyo hendla ya redio ilikuwa inakula asilimia 31.5 ya kori ya 0, ikimwachia dada asilimia 68.5. Kazi ya sekunde 41 ikipewa asilimia 68.5 ya kori, itachukua sekunde ngapi? Gawanya 41 kwa 0.685. Unapata karibu 60.

Niliangalia namba hiyo kwenye skrini kwa muda. Ni raha ya pekee pale njia mbili ambazo hazijuani zinapokutana kwenye jibu moja.

Nikasoma msimbo wa kiendeshi. Hendla ilikuwa inavuta ujumbe kutoka kwenye kadi baiti moja baada ya nyingine, na kila baiti ikingoja kadi iseme iko tayari. Kazi ya polepole inafanywa huku mlango umefungwa.

Kwa nini `hi` ilisema 0.0?

Hili ndilo swali aliloniuliza mhandisi mkubwa, na ni swali zuri. Kama hendla zinakula theluthi ya kori, mbona `top` haioni kitu?

Kwa sababu njia ya zamani ya kerneli ya kuhesabu muda ni ya tiki. Kuna taima inayobisha hodi mara 100, 250 au 1000 kwa sekunde, kutegemea kerneli ilivyojengwa. Kila inapobisha, kerneli inaangalia ni nani amekatizwa, na inamwandikia tiki nzima yeye. Lakini tiki yenyewe ni intarapti! Haiwezi kuingia wakati hendla nyingine inaendelea. Inangoja nje, hendla inamaliza, prosesa inarudi kwenye programu, na kabla programu haijatekeleza hata agizo moja zaidi, tiki inaingia na kuikuta pale. Programu inaandikiwa.

Kwa hiyo kwenye kerneli inayohesabu kwa tiki, hendla za intarapti hazitakutwa kazini. Ile 0.0 haikumaanisha "hakuna". Ilimaanisha "siwezi kuona". Ni tofauti kubwa, na skrini inaonyesha herufi zile zile kwa yote mawili.

Udhaifu wa kuhesabu kwa tiki haukuanza kujulikana jana. Mwaka 2007 watafiti Dan Tsafrir, Yoav Etsion na Dror Feitelson walionyesha kwamba programu inaweza kuutumia makusudi: ifanye kazi katikati ya tiki na ilale kila tiki inapokaribia, hivyo inakula prosesa huku hesabu ikimwandikia mwingine.

Dawa ipo. Tangu toleo la 2.6.37, lililotoka Januari 2011, kerneli ina chaguo liitwalo `CONFIG_IRQ_TIME_ACCOUNTING`. Ukiliwasha, kerneli inasoma saa kila inapoingia na kutoka kwenye intarapti, na muda ule unaondolewa kwenye hesabu ya programu iliyokatizwa. Gharama yake ni kusoma saa mara mbili kwa kila hodi. Kerneli iliyokuja na ubao wetu ilikuwa imejengwa bila chaguo hilo. Nikaijenga upya, nikaiweka, nikafungua `top`. Safu ya `hi` kwenye kori ya 0 ikasoma 31 na kidogo.

Mhandisi akatazama, akatikisa kichwa, akacheka. "Kumbe ilikuwa humu wakati wote."

Mlango usiofungika

Hesabu ya muda ikawa sawa, lakini sampuli za `perf` bado haziingii ndani ya hendla. Je, haiwezekani kupata hodi isiyoweza kuzuiwa?

Inawezekana. Prosesa za Intel na AMD zina intarapti ya aina hiyo, ijulikanayo kwa herufi NMI. Hata mlango ukifungwa, yeye ana ufunguo wake. Kwenye mashine hizo `perf` hutumia vihesabu vya prosesa na kuletewa sampuli kwa NMI, kwa hiyo inaona ndani ya hendla. Hata hivyo kuna utelezi: kati ya kihesabu kufika mwisho na hodi kupokelewa, prosesa huwa imekwisha kutekeleza maagizo kadhaa zaidi, na sampuli inaangukia mbele ya mahali penyewe. Ndiyo sababu Intel wana PEBS, ambapo prosesa yenyewe huandika sampuli bila kungoja programu, na AMD wana IBS. Ukiandika `cycles:pp` kwenye `perf`, unaomba usahihi wa namna hiyo.

Kwenye ARM mambo yalichelewa. Prosesa nyingi za ARM hazikuwa na NMI ambayo Linux ingeweza kutumia, na intarapti ya kihesabu ilikuwa hodi ya kawaida kama za wengine. Toleo la 5.1 la mwaka 2019 lilileta ujanja mzuri. Badala ya kufunga mlango kabisa, kerneli inaweka kizingiti cha daraja: hodi za daraja la kawaida hazipiti, za daraja la juu zinapita. Mwishoni mwa mwaka 2020, toleo la 5.10, `perf` ya ARM ikaanza kutumia daraja hilo la juu. Lakini ni lazima kidhibiti cha intarapti kwenye ubao kiwe GICv3, na uwashe mashine kwa `irqchip.gicv3_pseudo_nmi=1`. Ubao wetu ulikuwa na GIC-400, ambayo ni ya kizazi kilichotangulia. Kwetu mlango ulibaki umefungwa, tukategemea vituo vya kufuatilia.

Kwa wenye seva pepe

Huenda unasema, mimi sina kisanduku juu ya paa, nina seva pepe niliyokodi. Basi hii ni yako. Seva pepe nyingi hazipewi vihesabu vya prosesa. Andika `dmesg` utafute maneno "no PMU driver, software events only". Ukiyaona, `perf` yako inatumia taima ya kawaida, na uko pale pale tulipokuwa sisi.

Dalili yake ni hii: fankisheni iitwayo `_raw_spin_unlock_irqrestore` inapanda juu kabisa ya orodha. Wengi wakiiona husema kufuli za kerneli zinagombaniwa, na nimewahi kusikia mtu akipendekeza ziondolewe. Kuondoa kufuli ni kukaribisha data kuharibika. Fankisheni hiyo ndiyo inayofungua mlango baada ya sehemu iliyozuia intarapti. Sampuli zote zilizokuwa zikingoja nje huingia hapo, na zinamwandika bawabu.

Nilitaka kulithibitisha, nikaandika moduli ndogo ya kerneli ambayo jibu lake nalijua kabla ya kupima: inazuia intarapti, inazunguka bure mikrosekunde 200, inaachia, kisha inapumzika. Kwenye laptopu yangu yenye NMI, sampuli ziliangukia kwenye kuzunguka bure, kama inavyotakiwa. Kwenye seva pepe hazikuangukia huko hata moja. Zote zilikuwa pale mlango unapofunguliwa. Kisha nikaongeza muda wa kuzuia hadi milisekunde 5, huku nikichukua sampuli takriban 1000 kwa sekunde. Zilipaswa kuwa sampuli 5 kwa kila mzunguko. Nilipata 1, kwa sababu taima iliyochelewa hubisha mara moja tu, haibishi kwa kila zamu iliyopitwa. Kwa hiyo makosa ni mawili: mahali si penyewe, na hesabu imepungua.

Lakini usikate tamaa. Chukua sampuli pamoja na orodha ya nani alimwita nani, kwa kuongeza `-g`. Bawabu ameitwa na mtu, na mara nyingi aliyemwita ndiye aliyekuwa ndani ya chumba.

Tulivyomaliza

Kiendeshi cha redio kilikuwa na msimbo huria, kwa hiyo tuliruhusiwa kukirekebisha. Tulifanya mambo mawili. Kwanza, hendla sasa inapokea hodi na kuondoka, na kazi ya kuvuta baiti inafanywa na uzi wa kerneli, kwa njia ya `request_threaded_irq` iliyokuwepo tangu mwaka 2009. Uzi huo unaonekana kwenye `top` kwa jina lake, unahesabiwa muda wake, na unaweza kuhamishiwa kori nyingine. Pili, tuliiambia kadi ibishe hodi ikiwa na ujumbe wa kutosha, badala ya kubisha kwa kila ujumbe.

Kama huwezi kubadilisha kiendeshi lakini unataka kujua kama hendla ndizo zinazokula muda, washa mashine kwa neno `threadirqs`. Kerneli itazigeuza hendla karibu zote kuwa nyuzi, na `top` itaanza kuzitaja kwa majina.

Programu ya dada ikarudi kwenye sekunde 41. Hatukuandika upya hata mstari mmoja wake, na visanduku vipya havikununuliwa. Niliandika ripoti ya ukurasa mmoja, na kwenye mstari wa kwanza nikaweka hesabu ile ya 900 mara 350, kwa sababu mkurugenzi si mtu wa kerneli lakini kuzidisha anajua. Aliisoma, akamwita dada ofisini, wakazungumza mlango ukiwa umefungwa. Mkataba ukaongezwa mwaka mmoja. Siku iliyofuata alikuja kwenye meza yangu na daftari. "Kaka," akasema, "nifundishe kusoma hivyo viendeshi. Sitaki tena kukaa mkutanoni bila jibu."

Sasa kabla hujamnyooshea mtu kidole kwa sababu ya namba za profaila, jiulize haya:

1. Sampuli zangu zinaletwa na nini: NMI, au hodi ya kawaida inayoweza kuzuiwa? Angalia `dmesg` na mistari ya NMI na PMI kwenye `/proc/interrupts` wakati `perf` inaendelea.
2. Kerneli yangu inahesabu muda wa intarapti kwa saa au kwa tiki? Kama `hi` haiondoki 0.0 hata kwenye kazi nzito, usiiamini mpaka uhakikishe.
3. Nikiihamisha programu kwenye kori nyingine, muda wake unabadilika?
4. Vituo vya kuingia na kutoka kwenye hendla vinasema nini, na je, hesabu zake zinakubaliana na ucheleweshaji ninaouona?
5. Nimekijaribu kipimo changu kwa kitu ambacho jibu lake nalijua?

Ukishindwa kuwasha chaguo la hesabu ya intarapti kwenye ubao wako, niandikie, ukitaja toleo la kerneli na mistari michache ya `/proc/interrupts`. Wakati mwingine nitaleta msimbo wa ile moduli ya kujaribia, na jinsi ya kuijenga bila kuzima mashine yako. Kwaherini kwa sasa.